Wema wa Dereva Anayesomeka

Watu wakimzungumzia dereva mwenye roho nzuri, mara nyingi humtaja yule anayesimama ghafla katikati ya njia, akateremsha kioo, akatoa mkono na kumwambia mtu wa pembeni, "Pita." Mimi dereva wa namna hiyo ananitia hofu. Nia yake ni njema, sina shaka nayo, lakini amesimama mahali ambapo hakuna aliyetarajia asimame, na aliye nyuma yake sasa amekanyaga breki kwa nguvu zote bila kujua kumetokea nini. Kadiri ninavyozidi kuendesha ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wema wa barabarani huanza na jambo lisilo na mbwembwe hata kidogo: wenzako waweze kukusoma. Wajue unakokwenda, wajue utafanya nini sekunde mbili zijazo, na wakute umewaachia nafasi ya kukosea bila kufa.

Kufa ninakokutaja si chumvi ya mwandishi. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walipoteza maisha kwa ajali za barabarani mwaka 2021 peke yake. Zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Hao hawana bodi la gari wala mkanda wa kuwashika. Kinga yao kubwa ni akili na adabu ya aliyeshika usukani.

Chukua indiketa. Ni kazi ya kidole kimoja, nayo bado ndiyo adabu inayopuuzwa kuliko zote. Dereva anakanyaga breki kwanza, anaanza kukata kona, halafu ndipo indiketa inawaka, wakati kila mtu ameshaona kwa macho yake anachofanya. Hapo imemsaidia nani? Ikiwaka kabla ya breki, aliye nyuma anaondoa mguu kwenye mafuta polepole, wa pikipiki aliyetaka kupenya pembeni anajizuia, na mtu aliyesimama ukingoni anajua kama avuke au asubiri. Huyo wa mwisho ndiye ninayemfikiria zaidi. Amesimama juani na mizigo yake akingoja upite, kumbe wewe ulikuwa unaingia kona kabla hata ya kumfikia. Kidole kimoja kingemvusha.

Baada ya indiketa, nafasi. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye kilomita 100 ni karibu mita 28. Jicho kuona taa za breki za aliye mbele, akili kuelewa, na mguu kuhama kutoka kwenye mafuta huchukua sekunde nzima au zaidi, na katika muda huo gari lako halijaanza kupunguza mwendo hata kidogo. Halafu ndipo breki zinaanza kazi, na hapo kuna jambo ambalo akili inalikataa mpaka ifundishwe: mwendo ukiwa maradufu, umbali ambao breki zinahitaji kulisimamisha gari huwa mara nne. Ndiyo maana walimu wa udereva katika nchi nyingi hufundisha kuacha angalau sekunde mbili kati yako na wa mbele. Unachagua nguzo au alama yoyote pembeni, gari la mbele likiipita unaanza kuhesabu, na ukiifikia kabla sekunde mbili hazijaisha, umekaribia mno. Barabara ikiwa na maji, sekunde hizo huwa nne.

Ninaiita nafasi hiyo wema kwa sababu ninajua inavyokuwa mtu akininyima. Gari likinibana nyuma, nusu ya macho yangu huhamia kwenye kioo. Nataka kujua kama atanigonga nikipunguza mwendo, kwa hiyo ninachelewa kupunguza mwendo, kwa hiyo mtoto aliye karibu kuvuka mbele yangu anapata nusu ya dereva. Huyo anayenibana hamjui mtoto huyo, hamwoni, na pengine angelia kama angejua.

Nikiwashauri wenzangu waache nafasi, jibu huwa lilelile: ukiacha nafasi, watu watachomekea. Ni kweli, watachomekea. Sasa tuhesabu hasara. Taa ya kijani ikiwaka, magari yaliyojipanga kwenye njia moja hupita kwa wastani wa gari moja kila sekunde mbili hivi. Kwa hiyo kila anayechomeka mbele yako amekuchelewesha kwa sekunde mbili. Wachomekee watano, ni sekunde kumi. Upo wakati sekunde hizo zitakufanya uikose taa na kusubiri zamu nyingine, ninakubali, lakini mara nyingi utamkuta yuleyule aliyechomekea amesimama mbele yako kwenye taa inayofuata, mkitazamana kupitia kioo chake. Hata haraka yenyewe tunaipa thamani isiyo yake. Safari ya kilomita 10 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, bila kusimama, huchukua dakika kumi. Kwa mwendo wa kilomita 50 huchukua dakika kumi na mbili. Na kwenye barabara za mjini nani anakwenda kilomita 10 bila kusimama?

Nafasi inafanya na kazi nyingine, ambayo wengi hawaijui, nami nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyepata ushahidi wa jambo alilokuwa akilihisi siku zote. Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha matokeo ya jaribio rahisi mno. Waliweka magari 22 kwenye njia ya duara yenye mzunguko wa mita 230, wakawaambia madereva waendeshe kwa kilomita 30 hivi kwa saa. Hapakuwa na taa, shimo, askari wala ajali. Kwa muda mfupi mambo yalikwenda vizuri. Kisha mmoja akapunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, anayefuata akapunguza zaidi tena, hadi magari machache yakajikuta yamesimama kabisa. Foleni ilizaliwa bila chanzo cha kuonekana, nayo ikawa inarudi nyuma kulizunguka duara kwa takriban kilomita 20 kwa saa, ikimeza magari upande mmoja na kuyatema upande wa pili.

Kila dereva anaijua foleni hiyo. Unakaa humo, unasonga kwa shida, unafika mbele ukitegemea kuona gari lililopinduka, na hukuti chochote. Barabara imefunguka tu. Chanzo chake ni sisi wenyewe kubanana: hakuna aliyeacha nafasi ya kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, kwa hiyo kila mguso mdogo wa mbele unafika nyuma ukiwa mkubwa. Mwaka 2016 jaribio linalofanana na hilo lilifanyika Arizona, Marekani. Safari hii, katikati ya magari 20 na ushei, waliweka gari moja linalojiendesha, lililopangwa lisikimbilie pengo la mbele bali lishike mwendo wa wastani. Gari hilo moja lilitosha kulituliza wimbi la duara zima. Tangu nijue hilo, ninapokuwa kwenye foleni ya kusonga na kusimama ninajaribu kuwa gari hilo. Ninasonga polepole wakati wengine wanaruka na kufunga breki, ninaacha pengo linyooke na kujikunja. Walio nyuma yangu hawajui kwa nini miguu yao imepumzika kidogo, wala hawahitaji kujua.

Njia mbili zinapoungana kuwa moja, hapo ndipo roho zetu zinapoonekana. Wengi tunaamini kwamba mstaarabu ni yule anayehamia mapema kwenye njia inayoendelea, na anayekwenda hadi mwisho wa njia inayofungwa ni mwizi wa foleni. Kwa hiyo tunamzibia. Tunasogea mpaka bampa zinakaribia kugusana ili tu asipate. Lakini magari yakiwa mengi na mwendo ukiwa mdogo, utaratibu unaofaa zaidi ni kutumia njia zote mbili hadi pale zinapoungana, kisha kupokezana: mmoja wa huku, mmoja wa kule, kama meno ya zipu. Ujerumani imeuandika utaratibu huo kwenye sheria yake ya barabarani. Foleni inakuwa fupi, haifiki kuziba makutano ya nyuma, na hakuna haja ya mtu kumwomba mwenzake wala kumtishia, maana zamu inajulikana. Ninapenda wema wa aina hiyo, usiotegemea kama leo nimeamka vizuri au vibaya. Anayetanua pembeni, nje kabisa ya barabara, akaja kujipachika mbele, huyo ni habari nyingine, ingawa hata yeye sioni faida ya kumgonga ili kumfundisha.

Kama ningeruhusiwa kuomba jambo moja tu kwa madereva wa mjini, ningeomba hili: usiingie kwenye makutano ambayo huwezi kuyamaliza. Taa ya kijani haikupi haki ya kwenda kusimama katikati. Ukiona magari ya mbele hayajasogea na upande wa pili hakuna nafasi ya gari lako, baki nyuma ya mstari hata kama ni kijani, hata kama wa nyuma anapiga honi. Magari mawili tu yaliyokwama katikati yanaweza kuwafungia watu wa barabara ya pili kijani chao chote. Foleni yao inarefuka hadi makutano yaliyo nyuma, inayaziba na hayo, na wale walioziba nao wanawazibia wengine, hadi mji mzima unakaa umefungana kwa sababu ya watu waliokuwa na haraka ya mita kumi. Mahali pengine ndani ya mtego huo kuna gari la wagonjwa linalolia, na kila mmoja anatamani kulipisha, na hakuna mwenye pa kusogea. Kulipisha gari la wagonjwa kunaanza dakika tano kabla hujalisikia.

Niseme sasa kuhusu honi, maana inaniuma. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unairuhusu honi kwa mambo mawili tu: kutahadharisha ili kuepuka ajali, na nje ya maeneo ya makazi, kumwarifu dereva kwamba unataka kumpita. Haimo honi ya "songa basi". Haimo honi ya matusi. Na sababu ni ya maana. Gari halina sauti nyingi. Honi ya kumwokoa mtu na honi ya kumkaripia zinalia sawasawa, na anayezisikia zote kutwa nzima hatimaye haisikii hata ile ya kumwokoa.

Mama yangu alijifunza kuendesha akiwa mtu mzima, watoto wake wote tumeshakua. Jioni nyingi nilikaa naye kiti cha pembeni, gari lenyewe la gia za mkono. Alikuwa mwangalifu, anasikiliza, vioo anavitazama vizuri kuliko madereva wengi ninaowajua. Kilichomshinda ni honi. Tukisimama kwenye taa za mlimani, kijani ikiwaka, kabla hajapata pale klachi inaposhika, nyuma wanaanza. Mguu unashtuka, klachi inaachiwa ghafla, gari linazima. Wanazidisha. Anawasha tena, mikono inatetemeka, linazima tena.

"Mwanangu, wananipigia mimi?"

"Ni wewe, mama. Lakini si lazima uwajibu. Tuliza mguu."

Jioni moja gari lilizima hivyohivyo, na aliyekuwa nyuma yetu mara moja akawasha hazadi, zile taa za tahadhari zinazowaka na kuzima pande zote mbili. Hakupiga honi, hakujaribu kutuzunguka. Alikuwa ameacha nafasi ya kutosha, kwa hiyo hata gari letu liliporudi nyuma kidogo mama hakuogopa kumgonga. Waliokuwa nyuma yake waliziona zile taa, wakaelewa kuna tatizo, wakaanza kupita upande wa pili taratibu. Mama alivuta pumzi, akawasha, akaachia klachi polepole, tukaondoka. Tulipofika mbele alisema tu, "Mungu ambariki," na tangu jioni ile akaacha kuogopa vilima. Dereva yule hakufanya ishara yoyote ya ukarimu. Aliacha mita chache, akabonyeza kitufe, akangoja. Wahenga waliposema tenda wema uende zako, maneno yao yalimfaa yeye kuliko yanavyowafaa watu wengi, kwa maana alikwenda zake kweli na hatukumwona tena.

Kuna jaribio la zamani kuhusu honi ambalo haliniachi. Mwaka 1968 Anthony Doob na Alan Gross walichapisha utafiti waliofanya California: gari linasimama mbele kwenye taa, kijani inawaka, nalo halisogei kwa sekunde kumi na mbili. Wakati mwingine lilikuwa gari jipya la kifahari, wakati mwingine gari kuukuu. Aliyezuiwa na gari kuukuu alipiga honi katika zaidi ya asilimia 80 ya majaribio. Aliyezuiwa na gari la kifahari alipiga katika nusu tu. Kosa ni lilelile, muda ni uleule; kilichobadilika ni jinsi mwenye gari alivyodhaniwa kuwa mtu wa hadhi gani. Ni zaidi ya nusu karne imepita, lakini simkuti dereva akibisha ninapomweleza. Uvumilivu tunao. Tunaugawa kwa kutazama rangi na bodi, na wenye kuukosa ni mwanafunzi, mzee, na mwenye gari lililochoka.

Mengine nitayapitia haraka. Usiku, punguza taa kali mapema, kabla mwenzako hajakuwashia zake kukukumbusha, na uzipunguze pia unapomfuata mtu kwa nyuma, maana vioo vyake vinamrudishia mwanga wote machoni. Jicho lililopigwa mwanga huchukua sekunde kadhaa kurudia hali yake, na la mzee huchukua muda zaidi. Lori lenye mzigo linahitaji umbali mrefu kuliko lako kusimama, kwa hiyo lile pengo unaloliona mbele ya lori si nafasi ya bure uliyoachiwa. Dereva wake analihitaji, na ukijitupa pale umemnyang'anya breki. Ukiwa nyuma ya lori na huvioni vioo vyake vya pembeni, naye hakuoni.

Ninarudi kwenye ule mkono wa "pita", kwa sababu ndipo wema unapoweza kuua. Barabara ina njia mbili zinazoelekea upande mmoja. Umesimama kumpisha anayevuka, vizuri kabisa. Lakini gari lako sasa limemkinga asionekane na anayekuja kwenye njia ya pili, naye anayevuka hamwoni huyo anayekuja. Ukimpungia mkono avuke, umempa ahadi ambayo si yako kuitoa. Anakuamini, anaongeza hatua, na anatokea mbele ya pua ya gari lako sekunde ileile ambayo la pili linafika. Basi ninachofanya ni kusimama mbali zaidi, mita kadhaa kabla ya kivuko, ili wa pembeni yangu aweze kumwona mtu kwa mbele. Ninaanza kupunguza mwendo mapema, ninatazama kioo cha nyuma na cha pembeni, na ikibidi ninawasha hazadi. Mikono yangu inabaki kwenye usukani. Mtu anavuka kwa macho yake mwenyewe. Na hivyohivyo kwa gari linalotaka kukatiza mbele yangu kuingia upande wa pili: kama njia ya pili inatembea, simpungii, hata akinitazama kwa kuomba.

Kuhusu hasira, huwa tunashauriana kumtungia sababu dereva anayetuudhi: labda anamkimbiza mgonjwa, labda amepokea simu ya msiba. Ushauri huo unawasaidia wengi na siupingi, ila mimi sihitaji kisa chake. Awe anamkimbiza mgonjwa au ana kiburi tu, ninachopaswa kufanya kwa mguu na usukani ni kilekile: kupunguza mwendo, kusogea pembeni nikipata pa kusogea, kumwacha apite, kutomtazama usoni. Akishapita, hatari imehamia mbele yangu ambako ninaiona vizuri. Na nikikosea mimi, ninainua mkono nilipo, aone kwamba nimejua. Hilo huzima mambo mengi kabla hayajawaka.

Kinachobaki kunisumbua ni walio nyuma yangu. Ninapompisha mtu anayetoka kwenye kijia cha pembeni, ninatumia muda wao pia, na hawajanipa ruhusa. Nimeona madereva wakimpisha wa kwanza, wa pili, wa tano, wakitabasamu, huku nyuma foleni ya watu ambao nao wana watoto wa kuwapokea na zamu za kazi za kuwahi inazidi kurefuka. Kwa hiyo nimejiwekea mpaka. Kwenye barabara inayotembea kwa mwendo wake sisimami kumpisha mtu. Atapata pengo, na nikiweza nitamtengenezea kwa kupunguza mafuta mapema. Kwenye foleni iliyosimama au inayotambaa, ninampisha mmoja. Wa nyuma yangu akitaka, atampisha anayefuata.